Konzi ya Mama Zorami

Kwa miaka thelathini na tisa Mama Zorami alikuwa akiingia jikoni kwangu kila Jumamosi baada ya chai ya asubuhi, kikapu mgongoni, mkanda wake umekaza kwenye kipaji cha uso, na hakusalimia mpaka ameliinua kopo langu. Aliliinua kwa mkono mmoja, akalipima hewani kama mtu anayenunua papai, kisha akaniangalia. Hapo ndipo nilipojua hali ya roho yangu kwa wiki hiyo.

"Mama Rina," angesema, "mbona hili kopo limekonda? Lina homa?"

"Tumekula ugenini mara mbili," ningemjibu.

"Mara mbili. Na zile kumi na mbili nyingine?"

Nilimchukia kidogo, sifichi. Kwetu hakuna mwanamke wa kanisa anayepika wali kabla hajatoa konzi moja ya Bwana. Unapima mchele wa watu wako, unaingiza mkono, unafumba, unautia kwenye kopo lililo kando ya jiko. Asubuhi na jioni. Jumamosi akina mama wanapita kukusanya, mchele unakwenda kuwalisha wainjilisti na wenye shida. Mama yangu alifanya hivyo hata mwaka ule mianzi ilipotoa maua, panya wakazaliana na kutafuna mashamba yote, nasi tukala viazi vya porini miezi mitano. Siku mchele ulipopatikana, konzi ilitoka kwanza.

Mimi husahau. Si uchoyo, ingawa Mama Zorami aliniita mkono wa birika mbele ya watu. Nikishabandika maji, akili yangu iko kwenye mboga, iko kwa jirani anayegombana na mkwewe, na ninapokumbuka, sufuria inachemka. Nani atamtolea Bwana wali uliokwisha kuchemka? Basi kopo langu likawa jepesi maisha yangu yote, na yeye akalipima maisha yake yote.

Jina lake mwenyewe ni Darthuami, lakini tangu azae tunamwita kwa jina la mtoto. Aliletwa hapa kijijini akiwa bibi arusi, kutoka ng'ambo ya mto. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu, lori la tangawizi lililombeba mumewe liliporomoka na barabara wakati wa mvua. Hakuolewa tena. Alilima shamba la mlimani peke yake, alifuma nguo, akamsomesha Zorami hadi akawa mwalimu wa watoto wadogo hapa hapa shuleni kwetu. Wakaishi wawili, mama na binti, kwenye ile nyumba ya bati chini ya ngazi za kanisa. Jioni ungewasikia wakibishana kuhusu pilipili, mmoja anataka nyingi, mwingine anasema tumbo linamuuma.

Lile tumbo lilikuwa linauma kweli. Januari walikwenda hospitali mjini Aizawl kupima, Aprili wakarudi na Zorami amebaki mifupa. Kanisa zima liliomba. Tulifunga. Mimi nilifunga, na mtu akiwauliza walio nyumbani mwangu watamwambia hilo si jambo dogo. Alikuja mama mmoja mwenye maono kutoka kijiji cha jirani, akaweka mkono juu ya Zorami, akasema anamwona mwezi wa Agosti amesimama mbele ya ubao anaandika. Tulilia kwa furaha. Kesho yake Mama Zorami alikwenda dukani akanunua boksi la chaki, akaliweka rafuni mahali ambapo mgonjwa angeliona.

Zorami alikufa tarehe kumi na moja Julai.

Vijana walichimba kaburi mvua ikinyesha, wakawa wanateka maji shimoni kwa ndoo wakati huo huo wanachimba. Tulikaa na mfiwa kama desturi, tukaimba, ngoma ya kanisa ikapigwa taratibu. Yeye hakulia mbele yetu. Alikuwa akiangalia mlango kana kwamba kuna mtu amechelewa.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa jikoni nakunywa chai, mlango ukafunguka, akaingia na kikapu. Nilimwaga chai. Aliliinua kopo langu, akalipima.

"Limekonda," akasema, akamimina, akaondoka.

Habari ilienea kabla hajamaliza mtaa. Imani ya mwamba, watu walisema. Mchungaji aliisema madhabahuni. Na mimi niliisema, na moyoni nilijilinganisha naye nikajiona sifai.

Sasa nieleze jinsi nilivyojua ukweli. Ilikuwa Ijumaa ya Septemba, saa kumi na moja jioni, nimempelekea majani ya haradali kutoka bustanini. Nilikaa kwenye kigoda kando ya jiko lake, maji yangu ya tumbaku mdomoni, yale tunayoyashikilia bila kumeza, nikawa natazama tu. Alipima mchele. Aliingiza mkono, akafumba, akauachia kwenye kopo. Nikasikia mlio.

Mlio wa mchele unaoangukia kwenye bati tupu naujua kuliko mtu yeyote kijijini. Ndio wimbo wa nyumba yangu. Lakini hiyo ilikuwa Ijumaa, na kopo la Mama Zorami siku ya Ijumaa lilipaswa kuwa limejaa hadi shingoni.

Kabla sijafumbua mdomo akalichukua kopo, akaligeuza, mchele ukarudi sufuriani.

Nilitema maji yangu ya tumbaku. "Unafanya nini, Mama Zorami?"

"Narudisha."

"Unarudisha nini?"

"Mkono umetoa. Mimi narudisha." Alikuwa anaosha mchele, hata hakugeuka. "Umeshaona, basi kaa. Siku ya nne baada ya kumzika nilimwambia Bwana. Nilisimama hapo ulipokaa, nikasema kwa sauti: umechukua mtu mzima kwenye nyumba hii, konzi huipati tena. Jioni yake napika, nashtukia mchele uko kwenye kopo. Nikarudisha. Asubuhi tena. Jioni tena. Huu mkono hausikii."

"Labda ni Roho anakushika mkono."

"Ni mazoea, Mama Rina. Kuku wako wanarudi bandani kila jioni. Nani anawaombea?"

"Na kikapu? Mbona unabeba?"

"Mchele si wangu. Watu wametoa, lazima ufike. Halafu nikikaa nyumbani mtakuja kuniombea." Akanigeukia hapo, macho makavu. "Nimeombewa vya kutosha mwaka huu."

Nilitazama rafuni nikaliona lile boksi la chaki, halijafunguliwa.

Nitasema jambo la aibu. Nilipokuwa napanda ngazi kurudi kwangu, nilifurahi. Miaka thelathini na tisa ya kupimwa, na kumbe aliyenipima kopo lake halina punje. Kesho yake alipokuja akaliinua langu na kusema, "Nusu," nilikuwa na maneno mawili ulimini, lako je, na yalikuwa matamu. Sikuyasema. Niliutazama mkono ule unaotoa bila ruhusa yake, mishipa imetokeza, umeshika kikapu cha watu wengine, na ile furaha ikaniishia pale pale nikabaki na huzuni.

Wiki hiyo niliamua kujipima. Kila nilipopika nilitoa konzi, na kabla ya kuiachia nilijiuliza kwa jina langu mwenyewe: Rokimi, unaamini, au unaogopa Jumamosi? Jumatatu nilijibu naamini. Jumanne nilijibu naamini, nadhani. Jumatano mgeni alikuja tukapiga soga, na konzi ikasahauliwa pamoja na swali lake. Siku mbili tu. Nikakaa kwenye kigoda nikaona kwamba imani yangu haijawahi kubeba kitu kizito kuliko mvua iliyochelewa. Wanangu wote wazima. Mume wangu yupo, anakoroma. Ningewekewa boksi la chaki rafuni, mimi ningefanya nini? Sikujua, na sijui hadi leo.

Oktoba, mwenyekiti wa akina mama, Pi Ngurthangi, Pi kwetu ni kama kusema Bi, alipita nyumba kwa nyumba. Yeye ana sauti ya kuitia watu mlima wa pili. Mkutano mkuu wa akina mama ungekuwa Novemba, na somo limechaguliwa: imani yangu ina nguvu gani. Kila mmoja ajichunguze. Na wa kutoa ushuhuda ni nani mwingine kama si Mama Zorami?

Nilidhani atakataa. Alikubali. Nilivaa ndala nikashuka kwake mbio.

"Utawaambia nini?"

"Wanataka mwamba," alisema. Alikuwa anapeta dengu, akipuliza maganda.

"Utasimama mbele ya kanisa useme uongo?"

"Na nikisema kweli?" Akaweka ungo chini. "Yule mjane mdogo wa kule kisimani, unamjua. Mwaka mmoja tangu amzike mumewe. Kila Jumamosi ananiambia, Mama, nikikuona na kikapu napata nguvu ya kuamka. Ananishikilia mimi, Mama Rina. Nikimwambia kwamba ameshika hewa, ataangukia wapi?"

"Basi kataa. Sema unaumwa."

"Nimesema uongo wa kikapu tangu Julai. Nimechoka kubeba viwili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Nina wiki tatu za kujua. Nenda ukapike, na usisahau konzi yako, mkono wa birika wewe."

Hizo wiki tatu sikulala vizuri. Akisema uongo, nitakuwa nimekaa pale kwenye benchi nikijua, na sijui kama ningeweza kumtazama tena. Akisema kweli, watamvua kikapu, na mtu asiye na mume wala mtoto, ukimvua kikapu, Jumamosi yake inakuwa nini?

Siku ilifika. Kanisa lilijaa hadi ngazi za nje, ngoma ikapigwa, tukaimba mpaka jasho likatutoka mgongoni. Pi Ngurthangi alimwita. Mama Zorami alikwenda mbele amevaa nguo yake nzuri, ile nyeusi yenye mistari myekundu aliyoifuma mwenyewe, na mkononi ana mfuko. Akatoa kopo.

Kila mtu alilijua lile kopo. Watu walitabasamu. Mmoja karibu yangu tayari alikuwa ametoa leso ya kufutia machozi.

Akalifungua, akaligeuza juu chini, akalitikisa. Hakikuanguka kitu.

"Mmesema nijichunguze," alisema. Hakuwa na sauti kubwa, ikabidi tunyamaze. "Nimejichunguza. Tangu nimzike mwanangu, kopo hili halijaingia mchele ukalala humo. Nimebeba wa kwenu. Wangu haumo. Kila ninapopika mkono wangu unatoa, nami narudisha. Mara mbili kwa siku. Kuna mmoja ndani yangu anatoa na kuna mmoja anarudisha, na sijui mimi ni yupi. Mkiniita mwamba mnanitia aibu. Mlimwombea Zorami na mimi niliomba, nikanunua chaki. Nina hasira na Bwana, na sijamaliza. Hiyo ndiyo nguvu ya imani yangu. Nimepima, sijaongeza."

Nilisikia mtu akikohoa kule nje. Pi Ngurthangi alisimama haraka, mikono juu, "Tuinamishe vichwa, tumwombe Bwana amsamehe dada yetu."

"Sijaomba msamaha, Mwenyekiti," Mama Zorami alisema. "Kaa kwanza. Kuna la kikapu."

Pi Ngurthangi akakaa. Sijawahi kuona jambo hilo, kabla wala baada.

"Kikapu nakirudisha. Mtu asiyetia hawezi kukusanya. Nilipaswa kukirudisha Julai."

Macho yakaanza kuzunguka kanisani, nani atabeba, na kila mama akawa anatazama magoti yake. Ndipo akanielekezea kidole, mimi, Rokimi, mwenye kopo lililokonda.

"Mpeni Mama Rina. Huyo hawezi kumpima mtu."

Watu wakacheka, na nadhani walihitaji kucheka. Mimi sikucheka. Katikati ya kicheko hicho yule mjane mdogo wa kisimani aliinuka, akapita mbele ya watu bila kusema samahani, akatoka nje. Nilimwona Mama Zorami akimfuata kwa macho hadi mlangoni, uso umemshuka. Alirudi kwenye benchi akakaa, kopo tupu mapajani.

Basi Jumamosi nilivaa mkanda kichwani nikaanza kuzunguka. Kikapu ni kizito, hakuna aliyekuwa ameniambia. Ngazi za kijiji hiki zimejengwa na watu wenye chuki na magoti. Nilipofika kisimani nilisita, lakini yule mjane alikuwa amesimama mlangoni, kopo tayari mkononi, limejaa kama kawaida.

"Ulitoka mkutanoni," nilimwambia. Sijui kunyamaza.

"Nilitoka kulia, Mama. Ndani kulikuwa na watu." Akamimina mchele wake. "Mwambie Mama Zorami usiku ule nililala. Mwaka mzima nilikuwa nadhani ni mimi peke yangu mwenye hasira na Bwana."

Nilimpelekea maneno hayo jinsi yalivyo. Aliyasikiliza, akaitika kwa kichwa, akanimiminia chai. Kopo lake lilikuwa kando ya jiko. Nililiinua, nikalipima hewani kwa mkono mmoja. Tupu.

"Nyumba inayofuata, Mama Rina," alisema.

Ikawa hivyo kila wiki. Desemba tukapika karamu ya Krismasi ya kijiji kizima, akaja, akakata nyama ya nguruwe pamoja nasi, akaimba nyimbo alizotaka na kufunga mdomo kwenye nyingine. Pi Ngurthangi alimsalimia kwa mbali miezi miwili, kisha akachoka na umbali huo, akaenda kwake kuomba mbegu za maboga. Januari ikapita. Kila Jumamosi nililiinua kopo, kila Jumamosi lilikuwa tupu.

"Unaliinua la nini na unajua?" aliniuliza siku moja.

"Wewe uliinua langu miaka thelathini na tisa."

"Lako lilikuwa na kitu."

"Lilikuwa na kitu kwa sababu uliliinua."

Alinisukumia sahani ya wali, ule ule wenye konzi iliyorudi, nikala. Nilikula nikijua ninakula cha nani, na sikusikia kosa lolote.

Machi watu walichoma mashamba, moshi ukatanda milimani, macho yakawa yanawasha. Jumamosi ya pili ya mwezi huo niliingia kwake nikikohoa. Alikuwa amechuchumaa anakatakata majani ya haradali. Nililiinua kopo bila kufikiri, kama nilivyozoea, na lilipoinama kidogo mkononi mwangu nikasikia kitu ndani kikihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Nilisimama pale pale. Sikuthubutu hata kulifungua.

Mama Zorami hakuinua kichwa. "Alhamisi jioni," alisema. "Yule mwalimu mpya alikuja kuulizia chaki. Alikuwa anaandikia watoto kwa vipande vya mkaa, masikini. Nikamfungulia boksi. Akaniuliza Zorami alikuwa anafundishaje kuhesabu, nikamwonyesha, tukakaa, wali ukaungua." Kisu kiliendelea kukata. "Nilisahau kurudisha."

Nilitafuta la kusema. Bwana asifiwe lilinijia mdomoni na nikalimeza, kwa sababu nilimjua, angeniambia ni mazoea. Machozi yalikuwa yananitoka, lakini siku hiyo kila mtu alikuwa anatokwa na machozi kwa ule moshi, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kueleza chochote.

"Limekonda," nilisema mwishowe. "Lina homa?"

Alicheka. Kicheko kifupi, cha puani. Nilikuwa sijakisikia tangu Januari ya mwaka uliopita.

"Nyumba inayofuata," akasema.

Niliimimina ile konzi juu ya mchele wa watu, nikajipachika mkanda kichwani, nikatoka. Uzito wa kikapu haukuongezeka hata kidogo. Lakini ngazi zile nilizishuka polepole, hatua moja moja, mkono mmoja nyuma nimeushika ukingo wa kikapu, nisije nikaimwaga.